Mfuniko wa Rejeta

Muzna, usiniamshe saa saba mchana
kuniuliza kwa nini gari linachemka.
Hapa Ibra, mwezi wa saba, hata paka hatoki kivulini,
wewe umefungua boneti, unataka ufundi.
Njoo alfajiri. Njoo na kitambaa, ndoo, tochi,
na hizo kucha ukate.

Kwanza tazama mkono wangu.
Hili baka si la jiko, ingawa wifi zangu husema hivyo.
Ni mwaka ule aliokufa Khalfan,
njia ya Sinaw, mshale umegota kwenye nyekundu,
nikajifunga shela usoni, nikafungua mfuniko wa rejeta
kama mtu anayefunua sufuria ya wali.
Maji yale hayapigi hodi.
Kwa hiyo ukiona moto, zima, kaa, kula tende.
Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya bati
na kusoma Alhamdu yote bila kukiondoa.

Oili ni asubuhi, gari likiwa limelala mahali tambarare,
si pale mtelemkoni ulikozoea.
Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena:
mara ya kwanza husema uongo.
Ikiwa kati ya alama mbili, funga, shukuru.
Usijaze kwa mapenzi. Injini si mgeni wa Idi
wa kusukumiziwa halua mpaka aape.

Upepo wa tairi upime kabla hujatembea,
maana lami ya huku huujaza wenyewe.
Na yule muuzaji wa Barka akikwambia "mpya",
piga magoti, usome tarakimu nne ubavuni:
wiki, kisha mwaka.
Mpira huzeeka ukiwa dukani, umepakwa mafuta, unang'aa.

Chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake
usiingie,
hata pete yako ikidondokea huko.

Maneno yasikutishe.
Fundi Shaji wa Sanaiya ana Kimalayalam chake,
mwenye duka la spea ana Kiarabu,
mimi na wewe tuna cha bibi aliyezaliwa Wete.
Lakini spana ni spana kwa wote watatu.
Nyoosha mkono, sema spana, utapewa.

Sasa huyo kaka yako Azzan.
Najua ameshakwambia mbadilishe ekzosi,
mchezee kompyuta ya injini, mpate farasi arobaini zaidi.
Farasi arobaini wa kwenda wapi? Unakwenda benki.
Na breki zako zinalia kama mtoto aliyenyimwa simu.
Kama mikono inawasha, toa chujio la hewa,
uligonge ukutani: itamwagika Sharqiya nzima.
Weka jipya. Weka plagi nne mpya, moja moja,
usichanganye nyaya.
Halafu uniambie kama hujasikia gari limevuta pumzi.

Utakosea. Mimi nimewahi kumaliza kazi,
nikanawa, nikajisifu,
nikakuta nati moja imebaki kwenye sahani.
Ipo hadi leo, ndani ya kopo la vifungo.
Gari liliuzwa, nasikia linatembea Sohar.
Nati ilikuwa ya wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Na jana, basi. Umepiga simu kutoka njia ya Bidiya,
hata salamu hukutoa,
ukaiweka simu juu ya injini.
Nikasimama jikoni, kijiko mkononi, nimefumba macho.
Nikatafuta ule mlio wa wiki iliyopita. Nikatafuta tena.
Nikasema: Muzna, mbona sisikii kitu?
Ukasema: "Ndiyo, shangazi.
Ulikuwa mkanda wa feni. Nimeukaza.
Nilitaka usikie."

Mchuzi uliungua, kwa taarifa yako.